Salamu za Njiani

Siku hizi ukiuliza jambo kwenye simu, swali lako hupita nyumba kwa nyumba hadi kwenye mtambo wa mjini, na katika kila nyumba lazima mtu abonyeze kuliruhusu. Jibu nalo hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Bibi Nyamizi alimpakata mjukuu wake Shija, akaandika: mtoto amekunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nifanyeje?

Swali likasimama kwanza kwa Kabula, jirani wa ukuta mmoja.

“Shikamoo bibi! Pole jamani. Amekunywa nyingi?”

“Marahaba mwanangu. Sijui. Lipitishe!”

“Ningekuja, ila nikitoka, nani atalipokea jibu lako?”

Likapita. Nyumba ya pili ikatuma pole, ya tatu ikauliza kama ana mtu wa kumsaidia, na hakuna aliyebonyeza kabla ya kujibiwa. Hawakuwa na ubaya. Mtaa huu haumwachi mgonjwa apite bila kumjulia hali, hata akipita kama swali tu. Nyamizi akamshukuru kila mmoja, huku Shija akizidi kulegea mapajani.

Hatimaye jibu likaanza kurudi, na pole zikarudi nalo, nyumba baada ya nyumba. Ikabaki nyumba ya Kabula tu, ambaye hajawahi kupitisha kitu bila maneno.

Safari hii alilipitisha kimya. Simu ikalia mkononi mwa Nyamizi, lakini kabla hajaitazama alisikia mlango wa Kabula ukibamizwa, na miguu ikija mbio.