Panya na Kunde za Bi Nungu

Alikuwapo Panya mmoja, Bi Chekeche, aliyehamia na mumewe kwenye ghala la mahindi. Wakala mahindi asubuhi, mahindi mchana, mahindi jioni. Mwezi haukuisha, Bi Chekeche akaja mbio kwa jirani yake Bi Nungu, nungunungu mkulima wa kunde asiyejua haraka.

“Shoga, niokoe! Mume wangu karogwa! Hatulii! Anapanda ukuta, anashuka, anazunguka kinu!”

“Keti kwanza, shoga.”

“Niketi vipi na nyumba yangu inawaka moto?” alifoka Bi Chekeche, huku akipanda ukuta, akishuka, akikizunguka kinu.

Bi Nungu akacheka mpaka miiba ikagongana. “Tumbo lako limeshiba, shoga, lakini ubongo una njaa. Chakula cha ubongo hakitoshi kwenye mahindi matupu, ila kunde zinacho. Kaa hapa ule kunde siku saba.”

Bi Chekeche akala kwa hasira, huku akikimbia. Siku ya saba akashtukia ameketi kigodani, ametulia tuli.

Akarudi nyumbani na kapu la kunde, akaketi kumngoja mumewe. Mume alipomwona tu, akatoka mbio mpaka kwa jirani.

“Bi Nungu, niokoe! Mke wangu karogwa! Ameketi!”