Makadirio ya Haraka

"Kosa ni langu," Nizar alisema mbele ya walimu wote wa kitivo, pale Sfax. Uso wake uliwaka kwa aibu.

Na lilikuwa lake kweli. Yeye ndiye aliyetunza nakala za akiba za kompyuta zao zote. Kila alasiri programu ilipita kwanza kwenye mtandao kukadiria ukubwa wa kazi ya kila mtu, ndipo ikanakili. Kukadiria faili kwa faili kulichukua saa tatu. Ramadhani ya mwaka jana, akitaka kuwahi futari, Nizar aliiamuru itumie tu namba za jana yake, bila kuzifungua kompyuta. Dakika mbili, kwisha. Ramadhani ikapita, uvivu ukabaki.

Kompyuta ya mwalimu mmoja, Ustadha Wassila, ikasoma gigabaiti 212 mwaka mzima. Programu iliona hakuna jipya, ikaiweka nyuma ya foleni, na kanda ya akiba ilipojaa ikaiacha bila kuinakili. Juzi diski yake ikafa. Ndani mlikuwa na nyimbo za vikongwe wa visiwa vya Kerkennah, alizosema alizirekodi mwaka huo wote kwa ajili ya kitabu cha kukabidhi Jumatatu.

"Mwaka mzima wa mtu!" alifoka Bwana Mongi, mkuu wa kitivo. "Ulikuwa unakadiria au unapiga ramli?"

"Mwache kijana, Bwana Mongi," Ustadha alisema taratibu. "Kuteleza si kuanguka. Nipeni tu mwaka mwingine."

Wema ule ulimchoma Nizar kuliko matusi. Kesho yake Ustadha akamletea sahani ya makrudh, vileja vya tende.

"Hakuna namna ya kuifufua, mwanangu?"

"Hakuna, Ustadha. Nisamehe."

Ustadha aliuliza tena aliposimama, na tena alipofika mlangoni. Nizar akaisukuma sahani kando.

Kwa siri akaipeleka diski kwa fundi mmoja Tunis. Wiki ya pili ikarudi nzima, bila faili hata moja kupotea. Akaichomeka, na safari hii akahesabu kwa haki, faili kwa faili, huku akipanga atakavyomkimbilia Ustadha na habari njema.

Namba ikatokea: 212.

Akahesabu tena. Faili ya mwisho ilikuwa ya kabla ya Ramadhani ya mwaka jana; wimbo wa Kerkennah haukuwemo hata mmoja.

Mlango ukagongwa. Ustadha Wassila akaingia na sahani nyingine ya makrudh, akaiona diski, akaiona namba, akakosa pa kuuficha uso.