Kitanda Tisa, Wodi ya Wazazi

"Miezi mingapi?" Lomoro aliuliza kwenye simu. Alikuwa amekwama kwenye kizuizi cha barabara ya Gurei, askari akipekua mkoba wake kitu kimoja kimoja.

"Tumbo? Iko saba sasa," Emilio akajibu. "Iko kubwa kama ngoma ya kanisa."

"Miguu?"

"Imefura. Hata ndala hapana ingia."

"Presha?"

"Iko juu. Mukojo iko na protini, nimeona mwenyewe kwa karatasi."

Nusura Lomoro ambusu askari. Emilio alikuwa mhudumu wa wodi, mtu wa kusukuma vitanda na kumwaga ndoo, na kwa kilo mbili za sukari alikuwa anamfunulia mtihani wote. Mgonjwa aliyepangiwa: kitanda tisa, wodi ya wazazi. Tumbo, miguu, presha, protini: kifafa cha mimba hicho, kinabisha hodi. Hata mwanafunzi aliyelala darasani angejua, na Lomoro alikuwa amelala sana.

"Watoto wangapi?"

"Tisa. Wote iko hai, asante Mungu. Lakini huyu mutu ni shida, Lomoro. Kila saa yeye nalia tumbaku."

Hilo halikumshtua. Bibi yake mwenyewe alivuta kiko mpaka siku alipokufa.

Ulikuwa mtihani wake wa pili na wa mwisho. Akianguka tena, chuo kingemfuta, na mjomba wake Lagu alishamwekea pikipiki kwenye stendi ya Munuki, tayari kwa kubeba abiria. Baya zaidi, mama yake alishatangaza kanisani kwamba mwanawe ni daktari, na majirani walikuwa wameanza kumletea majipu yao nyumbani. Lomoro aliogopa kuanguka kuliko alivyoogopa risasi, na mwaka ule wa 2016 risasi hazikuwa haba Juba.

Mara ya kwanza aliangushwa na mgonjwa. Ndivyo alivyoamini. Alipewa mama mwenye malaria. Mama akalia, Lomoro naye akalia, muda ukaisha. Tangu siku hiyo alikata shauri kwamba udaktari ni kazi nzuri sana, ila wagonjwa ndio wanaoiharibu.

Alipofika hospitalini, katika nusu saa ambayo kila mwanafunzi hupewa kumpima mgonjwa kabla ya kuhojiwa, zilibaki dakika kumi. Wodi ilikuwa imejaa pomoni. Tangu makombora yatoboe mapaa ya wodi nyingine, kila mgonjwa aliletwa humu, na vitanda vilitenganishwa kwa mashuka yaliyoning'inizwa kwenye kamba. Lomoro alisimama nje ya shuka la kitanda tisa, akafungua daftari, akazimaliza dakika zote kumi akikariri. Ndani mtu alikohoa. Lomoro hakufungua shuka. Angefungua ya nini, wakati kila kitu alikuwa nacho?

Dokta Santina, bingwa wa uzazi, aliwekewa meza papo hapo kando ya shuka. Mwenzake wa magonjwa mengine alikuwa amekwama Kampala kwa kukosa ndege, kwa hiyo mtihani mzima ulimwangukia yeye. Alikuwa na sharti moja ambalo wanafunzi walilichukia: mwanafunzi azungumze kwa lugha ya mgonjwa, ili mgonjwa asikie anavyosemwa. Konga, wa kitanda tisa, alikuwa ameishi ukimbizini Uganda miaka ishirini. Basi ikawa Kiswahili.

Lomoro akatiririka. Mgonjwa anaitwa Konga. Mimba ya kumi, ya miezi saba. Miguu imevimba, presha imepanda, mkojo una protini. Kifafa cha mimba kinanyemelea, na maisha mawili yako hatarini. Hapo kwenye maisha mawili alishusha sauti kidogo, kama alivyojizoeza mbele ya kioo.

"Umempima mwenyewe?" Dokta Santina akauliza.

"Kwa mikono hii, Dokta."

"Mtoto amelalaje?"

"Kichwa chini. Mgongo upande wa kushoto."

Dokta Santina aliweka kalamu mezani. Sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyoizoea Lomoro, naye akazidi kupata moyo.

"Moyo wake umeusikia?"

"Mia moja arobaini na nne kwa dakika. Unapiga vizuri sana."

"Sasa utafanya nini?"

"Sindano ya magnesiamu, dawa ya presha, na hali isipotulia tunazalisha leo leo."

"Na mgonjwa umemweleza?"

"Nimemweleza yote. Alifurahi, Dokta." Hapo angenyamaza. Lakini alishaiona ile pikipiki ya mjomba ikipata dereva mwingine, na furaha ikamlevya. "Alinishika mkono, akasema akipata mtoto wa kiume atamwita Lomoro."

Nyuma ya shuka kitanda kilianza kutikisika. Kililia kwa nguvu, chuma kwa chuma, na ndani yake mtu alikuwa anakoroma na kukosa pumzi. Kumbe kitabu kilikuwa kinasema kweli!

"Kifafa kimeanza!" akapiga kelele. "Sindano, Dokta, tutampoteza na mtoto!" Akaruka, akalivuta shuka kwa mikono miwili.

Mzee Konga alikuwa amejikunja juu ya mto, ameshika tumbo lake, machozi ya kicheko yakimshuka mpaka kwenye ndevu zake nyeupe.

"Dokta," akasema alipopata pumzi, "na kama iko musichana?"