M Yenye Mkia wa Mjusi

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini asiyechanjwa na mamaye hafunzwi na Gloriose. Ndivyo ilivyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kreshi yake ya kulelea watoto, ghorofa ya kwanza, Albert Park, mtaa wa wahamiaji, na hapakuwa na mzazi aliyethubutu kucheka.

Asubuhi hiyo ya Februari 2012, Gloriose alikuwa amekamata mwizi. Alilaza karatasi mbili mezani, fomu ya kujiandikisha na kadi ya chanjo ya Israël, mtoto wa miaka minne, akazigonga kwa kalamu mbele ya akina mama waliokuwa wakileta watoto.

"Mama Israël, fomu hii umeitia sahihi wewe, hapa, mbele yangu?"

"Ndiyo, Maman Directrice."

"M yenye mkia wa mjusi. Na kwenye kadi, kila sindano, iko M gani?"

Marcelline, mama yake Israël, akaitazama bila haraka. Alikuwa msusi, mikono yake bado ilinukia mafuta ya nywele. "Yenye mkia wa mjusi."

"Eish!" akasema mama mmoja, akasogea karibu asikose kitu.

Gloriose akanogewa. "Tena hata kudanganya hujui! Sindano ya wiki ya sita, umeandika miezi minne. Kalenda gani hiyo? Ya mbuzi?"

"Ya kwetu Uvira. Chanjo zilikuja barabara ilipofunguka."

"Uvira unanifundisha mimi? Mimi Mrundi, sawa, lakini Lyse wangu nilimzaa Uvira, akachanjwa Uvira. Nilimpakata mwenyewe, nikafumba macho, nikasali Baba Yetu mpaka wakamaliza. Na kadi yake imenyooka kama rula! Huyo muuguzi wako yuko wapi leo?"

"Alihama."

"Bila shaka alihama!" Akina mama wakaangua kicheko.

Gloriose hakuwa mkatili. Muulize yeyote, hasa yeye mwenyewe. Ila mkaguzi wa manispaa alikuwa anakuja Ijumaa, na kadi moja ya uongo ingetosha kumfungia mlango.

"Mpeleke kliniki wamchome zote upya. Kwa kalenda ya hapa."

"Zinazobaki za kalenda ya hapa, kliniki wanatungoja Jumatano. Za kule anazo mwilini. Simchomi mtoto mara ya pili kwa sababu wino umekukera."

"Basi hana nafasi. Tumeelewana, sharp?"

Wote walijua kwamba mwenye saluni alikuwa amempa Marcelline mpaka Jumatatu: Israël akionekana tena amelala chini ya mashine za kukaushia nywele, mama yake asirudi kazini. Mtoto mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa chini ya meza, akigombania na Lyse gari lisilo na magurudumu.

Marcelline akainama kuwatenganisha. "Amekua huyu," akasema, akimtazama Lyse.

"Mwache binti yangu, tuko kwenye mambo ya maana," Gloriose akasema. Kisha, kwa huruma ya mtu mwenye watazamaji, akaongeza, "Nakupa njia. Ukiri umeghushi, uniombe radhi mbele ya hawa wote, nami polisi siwaiti."

"Nionyeshe kwanza kadi iliyonyooka."

Ombi hilo lilimfurahisha Gloriose kupita kiasi. Akavuta droo, akatoa kadi ya Lyse ndani ya plastiki yake, kadi ambayo miaka yote aliwaonyesha watu jalada tu. Akaifungua, akailaza kando ya ile ya Israël, akaanza kusoma tarehe kwa sauti ya kanisani, kidole kimoja huku, kimoja kule. Kufikia mstari wa tatu, sauti ilikuwa imemwishia.

Tarehe zilikuwa zilezile. Na pembeni ya kila tarehe, kwenye kadi zote mbili, mkia wa mjusi.

Akainua macho. Marcelline alikuwa akijifuta mafuta mikononi, kidole kwa kidole.

"Siku ile ya sindano binti yako alinikojolea sare yangu nyeupe, Mama Lyse, na wewe hukuomba radhi," akasema. "Mimi leo siombi."