Kompyuta Mbili na Kabati Moja

Siku ya tatu, fundi seremala aliisaliti kompyuta ya mke wake.

Ilimwambia asogeze kitunda, kete ndogo kuliko zote kwenye sataranji. Kitunda! Na malkia wa mama mkwe amekaa wazi kabisa, hana mlinzi. Fundi aliangalia mlango uliotenganisha sebule na chumba cha mama mkwe, akamla malkia kwa farasi, akaandika hatua hiyo kwenye kikaratasi na kukipenyeza chini ya mlango.

Kazi yenyewe hakuiomba. Mke wake, mwalimu wa chuo, alikuwa anaandika tasnifu kuhusu namna kompyuta zinavyotafuta hatua katika sataranji. Kompyuta ya fundi ilipekua kila njia, hata ya kipuuzi, ila haikufika mbali. Ya mama mkwe ilichagua njia chache zenye dalili njema na kuzifuata mbali sana. Zilitakiwa zipambane mchana kutwa, kila mmoja akisogeza kete kama kompyuta yake inavyomwelekeza.

"Hakuna kuongea," mke aliwaonya. "Na msiongeze ya kwenu. Ijumaa nasimama mbele ya watahini. Mkiharibu, miaka yangu minne imekwenda na maji."

Kuongea! Wawili hao hawakuwa wamesalimiana kwa miezi mitano. Fundi alimtengenezea mama mkwe kabati la mbao ngumu, nalo likawa linayumba. Mama mkwe akasema mbele ya wageni kwamba hata mlevi husimama vizuri kuliko hilo. Fundi akaapa hataligusa tena. Jumapili zao za sataranji zikaishia hapo, na mke akawa tarishi wa salamu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwezi uliopita alisukuma kitu kinene kilichofungwa gazeti chini ya mguu mmoja wa kabati. Kabati likatulia. Mama mkwe hakutulia.

Kikaratasi kilirudi na jibu la mama mkwe. Fundi alisogeza kete, akakodoa macho. Mfalme wake alikuwa amebanwa, hana pa kwenda. Malkia alikuwa chambo tu, na mtego huo aliujua. Alinaswa nao Jumapili tele.

"Mama," aliita kabla hajajizuia, "hiyo ni kompyuta kweli?"

Kikohozi kikasikika nyuma ya mlango.

"Kompyuta gani? Niliizima tangu juzi, inaniumiza macho. Ulikuwa unacheza na mimi, mkwe. Na umezembea kama kawaida yako."

"Iliyozembea ni mashine! Mimi nimeanza leo."

"Basi leo ndiyo umezembea kupita siku zote."

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Mlango ukafunguliwa. Walicheza michezo minne kwenye ubao mmoja, wakitaniana na kushutumiana kwa wizi, mpaka mama mkwe akabaki ameshika kete hewani.

"Mkwe, kesho kutwa ni Ijumaa."

Fundi aliinuka. Miaka minne ya mke wake, na wao wameichezea. Aliona aibu hata kukaa.

Mke aliporudi aliwakuta wamesimama bega kwa bega kama wanafunzi waliovunja dirisha. Walikiri yote. Naye akavikusanya vikaratasi vya siku hiyo, akavitumbukiza kwenye mkoba bila kuvitazama, kama alivyofanya siku zote.

"Kwa hiyo mmeongea?"

"Tumeongea," fundi alijibu kwa unyonge.

"Nani alianza?"

"Yeye," walisema kwa pamoja.

Mke akauma mdomo, mabega yakamtetemeka, akakimbilia chumbani na kufunga mlango.

"Analia, maskini," mama mkwe alinong'ona. "Mwanangu analia kwa ajili yetu."

Fundi hakuweza kumtazama. Alikwenda kuchukua randa na misumari. "Angalau nikutengenezee lile kabati, mama. Kiapo nimekivunja."

Mama mkwe akainua pembe moja, fundi akapiga magoti na kuvuta lile furushi. Gazeti likachanika. Ndani kulikuwa na tasnifu iliyojaladiwa vizuri, yenye jina la mke wake na mchoro wa ubao wa sataranji. Chini yake palikuwa na muhuri wa watahini: IMEPITISHWA. Tarehe ilikuwa ya miezi miwili iliyopita.