Udongo wa Mlimani

"Gia imekuwa ngumu, baba Saumu," Mwanahawa alimwambia mumewe, fundi baiskeli. "Kidole kinauma kwa kuisukuma."

Shaweji akaipindua baiskeli pale kibarazani, akauchomoa waya wa gia kwenye mpira wake. Ulitoka umegandamana na udongo mwekundu. Akausugua kwa kidole, roho ikamwuma. Mji mzima ni mchanga mweupe. Udongo ule uko mlimani tu, na mlimani anaishi Kombo, aliyemposa Mwanahawa kabla yake.

"Siku hizi unaiendesha wapi?"

"Sokoni na kurudi. Kwani wapi tena?"

Wivu ulimpanda, lakini mikono yake haikujua kuharibu kazi. Akasafisha, akapaka grisi, akafunga waya mpya, akamkabidhi mkewe bila kumtazama.

Mwanahawa akashukuru, akapanda, akaondoka. Shaweji akabaki na tambara mkononi, ametega sikio. Njia ya sokoni ni tambarare, mtu hana haja ya kubadili gia.

Baiskeli ilipopotea nyuma ya ukuta wa jirani, gia ikalia ka, mara moja, laini kabisa, kama alivyoitengeneza.