Ada ya Kutoka Shimoni

Sogeeni, na mwenye mbavu nyepesi azishike! Mhanga alikuwa na tamaa ndefu kuliko shimo lake. Usiku akienda kula mchwa alilipangisha, mchana akalala humo mwenyewe. Bi Ngiri, aliyekuwa njiani kumpelekea viazi bintiye aliyejifungua, alilala humo kwa kiazi kimoja. Kulipokucha, akamkuta Mhanga kaziba mlango.

“Bado ada ya giza, shangazi. Na ya ukuta.”

“Ukuta? Kwani niliula?”

“Uliuegemea. Na kutoka kuna ada yake. Lete kikapu chote.”

Bi Ngiri akakikumbatia kikapu cha mzazi. “Na kukaa je?”

“Kukaa umeshalipia.”

“Ahsante, mwanangu!” Akarudi ndani kinyumenyume, kama ngiri wote wanavyoingia shimoni, meno yakitazama mlangoni.

Jua likapanda. Mhanga, aliyekesha, akapiga miayo huku ngozi ikiungua.

“Shangazi, toka bure!”

“Niache giza nililolipia?”

“Basi chukua na kiazi chako!”

“Na ada ya kuniamsha?”

Mhanga akaenda kuchimba viazi vingine vya kumlipa atoke, akisinzia kila kucha zikizama. Bi Ngiri akafika kwa bintiye na kikapu kinachomwagika. Ukimlipisha mgeni kutoka, usishangae akihamia.